Laptopu ya Mtumba Ipimwe Saa Nane Mchana

Asubuhi na mapema karibu kila laptopu ya mtumba pale Oginga Odinga Street hupendeza. Feni haisikiki na madirisha yanafunguka mara moja. Irudie saa nane mchana, Kisumu ikiwa imefika nyuzi 30, uipe kazi nzito ya dakika kumi. Joto la chumba huhamia kwenye prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, karibu nyuzi kwa nyuzi: iliyogota 88 chumba kikiwa na nyuzi 22, chumba cha nyuzi 30 kitaipeleka hadi 96 hivi. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zikifika karibu na 100 hujipunguzia mwendo ili zisiungue. Kama kuna feni ya dukani inayoipulizia, omba izimwe. Iweke juu ya meza ngumu, chaja ikiwa imechomekwa.

Programu zote zipakue nyumbani uziweke kwenye flashi: HWiNFO, CPU-Z, CrystalDiskInfo, CrystalDiskMark na Cinebench R23, inayoipa prosesa kazi nzito. Hazina malipo kwa matumizi ya nyumbani, na ukichukua zile za faili ya zip huhitaji kusakinisha chochote. Kusoma vihisi vya joto kunadai akaunti yenye mamlaka kamili ya Windows. Muuzaji akisema nenosiri hana, mwambie alitafute kwanza.

Anza na CPU-Z, maana kibandiko cha "Core i5" hakisemi kitu. i5-6300U ina viini (cores) 2, i5-8250U ina 4, na bei wakati mwingine hutajwa kana kwamba ni mtu na pacha wake. Zaidi ya hapo, Windows 11 inakubali rasmi Intel za kizazi cha 8 kuendelea, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa hapo hapo tazama RAM. DDR4-2400 itaonyeshwa kama MHz 1200. Hujaibiwa, CPU-Z huonyesha nusu, kwa sababu DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo.

Sasa fungua HWiNFO, weka alama kwenye "Sensors-only", na uiache mashine itulie. Windows iliyowekwa jana huwa inapakua masasisho kimyakimya, kwa hiyo subiri matumizi ya prosesa yashuke chini ya asilimia 5. Bonyeza alama ya saa chini ya dirisha ili namba za mwanzo zifutike, kisha anzisha Cinebench ya viini vyote kwa dakika 10. Alama itakayotoka mwishoni ndiyo isiyo na uzito sana. Kilicho muhimu ni mistari mitatu isomwe pamoja: mwendo wa viini, joto, na "CPU Package Power", yaani wati zinazoliwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Prosesa ya wati 15 huruhusiwa kula zaidi kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde 28 hivi, kisha hurudi kwenye wati 15. Mwendo utashuka, tuseme kutoka GHz 3.2 hadi 2.4, na mnunuzi ataruka akidhani ameuziwa mbovu. Soma wati. Zikiwa 15 na joto ni 75, mashine ni nzima, imefuata mpaka wake tu. Hata "Power Limit Exceeded" ikiandikwa "Yes", usishtuke. Wati zikiwa 9, joto likiwa 97 na "Thermal Throttling" ikisema "Yes", hapo joto halitoki: vumbi limeziba mapezi ya shaba, feni imechoka, au pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto, imekauka. Hali ya tatu huwachanganya hata mafundi: joto ni 50 tu, wati chache, na mwendo umekwama chini ya GHz 1. Mara nyingi mwenye kosa ni chaja. Dell nyingi hutambua chaja kupitia pini ya katikati. Isipotambuliwa, mashine inawaka lakini inajibana, na betri haijazwi. Jaribu chaja nyingine kabla ya kumlaumu mtu.

Kwenye diski, CrystalDiskInfo inaweza kukupumbaza kwa rangi ya bluu inayosema diski ni nzima. Kama ni diski ya kuzunguka, tazama safu za 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu au zenye shaka. C5 ikiwa juu ya sifuri, usiiwekee kitu unachokithamini. Namba hizo huja kwa mfumo wa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9, kisha A hadi F), kwa hiyo badilisha kwanza kwenye menyu ya "Function" ziwe za kawaida. Kama ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, linganisha saa ilizowaka na umri wa mashine. Laptopu ya ofisini ya mwaka 2018 yenye SSD ya saa 40 imebadilishwa diski. Si dhambi, ila mbadala huwa ni ya bei rahisi kabisa. CrystalDiskMark, inayopima kasi ya diski, ikipewa faili la GiB 1 itakuonyesha MB 500 kwa sekunde na utafurahi. Ipe GiB 16, kasi ya kuandika ya SSD duni itaporomoka akiba yake ya haraka ikijaa. Mara moja yatosha, kila jaribio linaila diski.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili inayotajwa. Iliyotengenezwa na mWh (kipimo cha umeme inaoshika) 50,000 na sasa inashika 31,000 imebaki na asilimia 62. Betri za kuiga huweza kuandika namba hizo mbili zikilingana kabisa na mizunguko ya kujazwa sifuri, kwa hiyo chomoa chaja dakika 20 na usome kwenye HWiNFO wati zinazotoka. Ikila 12, mWh 31,000 ni saa mbili na nusu.

Iliyoshindwa kwa joto si lazima uikatae, mradi bei ishuke kwa kiasi cha kazi ya fundi. Hilo ni zaidi kwa mashine iliyofanya kazi Nakuru, mji ambao jina lake husemwa linatokana na neno la Kimaasai la vumbi. Kusafisha feni na kuweka pesti mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele baada ya kufuta ya zamani kwa spiriti, mara nyingi hushusha nyuzi 10 au zaidi. Piga picha ya HWiNFO kabla fundi hajafungua skrubu, na umwambie mtarudia jaribio lile lile, meza ile ile, saa nane.