Kabla Baba Hajakata Miti

Miezi kadhaa iliyopita, saa nne usiku, nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mafinga. "Shikamoo dada. Nimeona chuo Marekani wana masta ya kusimamia burudani. Baba amekubali kukata miti ili ada ipatikane. Nishauri."

Nikamjibu: "Marahaba. Mwambie mzee asiguse msumeno kwanza."

Kijana huyu namfahamu. Anamsimamia msanii wa Bongo Fleva pale Iringa, ameshamzungusha Kihesa, Ipogolo mpaka Ilula, na kichwani yuko vizuri. Miti anayoisema naijua pia. Ni misindano ya miaka tisa. Ukiiacha ifike kumi na tano na kuendelea inatoa mbao ya kueleweka. Ukiikata leo, dalali atakupa bei ya kuni na bado ataondoka akisema amekusaidia.

Mimi hiyo masta ninayo. Nilisoma mwaka mmoja Uingereza, usimamizi wa sanaa na burudani, kwa ufadhili. Ilinifaa sana. Lakini sikulipa ada mfukoni mwangu, na mtu wa huku kwetu akiniuliza kama alipe mwenyewe, jibu langu ni hapana. Anayetaka jibu la haraka achukue hilo. Anayetaka sababu zake, akae.

Mwaka 2015 nilikuwa mweka hazina wa kwaya yetu ya kanisa hapa Mbeya, upande wa Soweto. Mchana nilikuwa karani wa SACCOS, jioni nashika pesa za kwaya. Pesa za watu nilizishika kutwa, zangu sikuziona. Hesabu niliandika kwenye kaunta buku ya kwaya tatu. (Dukani wanaziita hivyo, kwaya mbili, kwaya tatu. Yangu mimi ilikuwa inabeba kwaya ya watu 40 juu yake.)

Tukarekodi albamu, sauti na video, kwa shilingi 4,500,000. Tukafanya uzinduzi. Anayejua uzinduzi wa kwaya Nyanda za Juu Kusini anajua: kwaya waalikwa kutoka Uyole na Tukuyu, wali nyama, mgeni rasmi, na MC anayewakamua watu kwa maneno matamu. Ukumbi, vyombo, chakula na Coaster vilikula 1,260,000. Taslimu siku ile tulipata 2,115,000, ahadi 4,800,000. Mwalimu wa kwaya alinikumbatia. Tulipiga vigelegele kwa 6,915,000.

Mpaka Pasaka iliyofuata, katika zile ahadi zilikuwa zimeingia 730,000 tu. Mgeni rasmi aliacha kupokea simu yangu mwezi wa pili. Piga hesabu: tulitumia 5,760,000, tukapata 2,845,000. Deni lililobaki, 2,915,000, ndilo lililotupeleka kusaini karatasi moja na studio.

Karatasi yenyewe bado ninayo. Ni ukurasa mmoja wa daftari, umeandikwa kwa kalamu ya bluu, una doa la chai kona ya juu, na mmoja wa mashahidi wawili ni mlinzi wa studio. Inasema studio itabaki na rekodi zetu, itauza, "na faida itagawanywa nusu kwa nusu." Sisi tuliona tumepona. Nusu ya faida! Kila nilipoenda kuulizia, kulikuwa na kitu kimeila: kava, kuhariri, nauli ya kupeleka mzigo Dar, diski zilizoharibika. Miaka miwili hapakuwa na faida hata ya kununulia soda. Baadaye nyimbo zetu nikazikuta YouTube kwenye ukurasa wa studio, na watu wanazisikiliza kweli kweli.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nielewe darasani. Muhula wa kwanza, mwalimu alitueleza kesi ya Art Buchwald, mwandishi wa magazeti wa Marekani, dhidi ya kampuni ya Paramount. Buchwald aliwauzia wazo la filamu, na mkataba ulimpa asilimia ya faida halisi. Mwaka 1988 ikatoka Coming to America, ile ya Eddie Murphy, ikaingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani. Mwaka 1990 mahakama ikakubali kwamba filamu imetokana na wazo lake. Kampuni ikafungua vitabu vyake: faida halisi, hakuna. Gharama za ofisi, za matangazo, riba, kila kitu kilikuwa kimekatwa kabla hawajafika kwake. Jaji akasema vipengele vya mkataba ule vilikuwa vya kuonea, na mwaka 1992 Buchwald na mwenzake wakapewa dola 900,000 kwa pamoja.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Nilidhani sisi ni washamba tuliosainishwa karatasi ya daftari, kumbe Los Angeles nako wapo, ila wao karatasi yao imepigwa chapa. Tangu siku hiyo, neno "faida" kwenye mkataba wowote nalizungushia duara. Omba asilimia ya mapato, hata ikiwa ndogo. Asilimia tano ya kinachoingia mlangoni unaweza kukihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Nusu ya faida anaihesabu mwenye kalamu.

La pili lililonifumbua macho ni kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili ndani yake: ya aliyetunga, na ya rekodi yenyewe. Kule Uingereza hata wanaokusanya pesa ni tofauti: PRS kwa watunzi, PPL kwa rekodi. Mwalimu wetu wa kwaya, aliyeandika nota kwa chaki ubaoni, hakuwahi kuuza utunzi wake kwa mtu. Kilichobaki studio ni rekodi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nilimpigia simu mwalimu wetu wa kwaya usiku huo huo nikasahau saa. Mbeya ilikuwa saa nane za usiku, akadhani kuna msiba.

Sasa, mambo ya vyuo.

Masta ya burudani ukiangalia jina unaweza kudhani ni kitu kimoja kila mahali. Siyo. Carnegie Mellon ya Marekani, ambayo nadhani ndiyo aliyoiona huyu kijana, ni ya miaka miwili: mwaka wa kwanza Pittsburgh, wa pili wanahamia Los Angeles ili wasome huku wanafanya kazi ndani ya makampuni ya filamu na televisheni. Ni mpango mzuri sana kwa anayetaka kufanya kazi Hollywood. Ada peke yake inazidi dola 40,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 100, hujala wala hujalala. Hakuna shamba la miti la ekari tano linalobeba hilo, hata misindano iwe na miaka ishirini. Berklee wana ya mwaka mmoja kwenye kampasi yao ya Valencia, Hispania, inayoegemea biashara ya muziki. London, Westminster wanafundisha usimamizi wa biashara ya muziki, Goldsmiths wana ujasiriamali wa sanaa na utamaduni. Na Johannesburg, chuo kikuu cha Witwatersrand kina masta ya sera na usimamizi wa utamaduni, ambayo watu wetu wanaipita kama hawaioni kwa sababu haina ndege ya kuvuka bahari. Mimi ningeanza kuangalia huko.

Usiulize chuo kina jina gani. Uliza wanafunzi wake wanashinda wapi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kama wanashinda kwenye studio za filamu za Marekani na wewe unataka kurudi kuendesha matamasha Iringa, utasoma mwaka mzima jinsi ya kujadiliana na vyama vya waigizaji ambavyo hutakutana navyo Kihesa.

Ufadhili nilioupata mimi ni Chevening, wa serikali ya Uingereza. Unalipiwa masta ya mwaka mmoja, na baada ya hapo ni lazima urudi nyumbani miaka miwili. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti, unachagua kozi tatu, na wanataka uwe na saa 2,800 za kazi. Watu wa sanaa wengi huishia hapo kwa sababu hawajaajiriwa popote. Soma vizuri: kazi ya kujitolea inahesabiwa. Mimi nilihesabu SACCOS, lakini nilihesabu na kwaya, kila zoezi la Jumanne na Alhamisi, kila safari ya Coaster, kutoka kwenye kaunta buku ile ile.

Mara ya kwanza nilikosa, na nilistahili kukosa. Insha yangu ilianza, "Nina ndoto ya kuinua sanaa ya Tanzania." Ndoto! Mwaka uliofuata nilianza na mgeni rasmi asiyepokea simu. Niliandika kiasi kilichoahidiwa, kilicholipwa, na jinsi nilivyobadilisha utaratibu: kwenye uzinduzi uliofuata tuliuza tiketi kwa pesa za simu wiki tatu kabla, na ahadi tukaziandika ukurasa wa nyuma kabisa, mahali pa vitu visivyohesabiwa. Niliitwa kwenye usaili. Swali la kwanza lilihusu mgeni rasmi.

Mengine ya safari nayapitia haraka. Mtihani wa Kiingereza niliufanyia Dar. Panda basi siku mbili kabla, siyo moja, kwa sababu mlima Kitonga lori likilala barabarani hakuna anayejali ratiba yako. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa viza ya Uingereza. Anayejilipia anatakiwa pesa zikae benki siku 28 mfululizo, na kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Ukirudi na cheti, kipeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe mapema, hasa kama unafikiria kufundisha au kazi ya serikali.

Sitasema kila nilichosoma kilinifaa. Tulitumia wiki kadhaa kwenye bima za matamasha na kampuni za kuuza tiketi, na mimi nafikiria Mwanjelwa, ambako promota ndiye mkata tiketi, ndiye mlinzi, na saa saba usiku ndiye dereva. Hakuna aliyetufundisha kwamba pesa ya watu ina msimu. Huku shoo kubwa inafuata mpunga wa Kyela na Usangu. Weka tarehe yako kabla watu hawajavuna, hata ulete msanii gani kutoka Dar, utaimba na viti. Na Julai usiku usifanyie uwanja wa wazi, baridi ya Mbeya haina rafiki. Hayo niliyaandika mwenyewe kwenye tasnifu yangu, na msimamizi wangu aliniuliza mara mbili kama kweli mavuno yanaamua tarehe ya tamasha.

Kitu kimoja cha vitabuni, lakini, nimekitumia zaidi ya vyote. Miaka ya 1960 wachumi wawili, Baumol na Bowen, walionyesha kwamba kiwanda kinaweza kupunguza watu kila mwaka kikatoa bidhaa zaidi, ila kundi la wapiga muziki wanne bado linahitaji watu wanne, kama enzi za Beethoven. Gharama za jukwaani zinapanda tu. Kwaya ya watu 40 inakula sahani 40. Nilipowaeleza wazee wa kanisa hivyo, kwa mara ya kwanza waliacha kuniuliza kwa nini kwaya "inakula sana."

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia hivi: usijaze fomu yoyote mwaka huu. Nunua kaunta buku. Fanya shoo tatu, nenda kwa afisa utamaduni uchukue kibali kihalali, andika kila shilingi iliyotoka na iliyoingia, hasara usiifiche. Ukitaka darasa la biashara bila kuhama, Chuo Kikuu Mzumbe wana kampasi hapa hapa Mbeya. Mwakani tutaangalia ufadhili tukiwa na karatasi mkononi.

Jana alinitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza. Shoo ya Kihesa. Ukumbi 150,000, vyombo 200,000, gari la matangazo 60,000, msanii mgeni 300,000. Mlangoni watu 212 kwa 3,000, jumla 636,000. Chini ameandika kwa wino mwekundu: hasara 74,000. Hesabu imenyooka. Ila najua wiki ile Iringa umeme ulikuwa unakatika, na sikuona mafuta ya jenereta popote.

Nikamuuliza jenereta alilipia nani.

Alichelewa kidogo kujibu. "Mzee, dada. Alikuwa ameuza viazi."

Nikamwambia aongeze mstari.