Kaki, mbadala au kikapu: ukifika kaunta ubebe nini

Wadogo zangu walioanza maisha juzi juzi wananiulizaga sana hili la mfuko gani wa kubebea, maana kila wakitoka dukani wanakuta wameongeza mfuko mwingine ndani, mpaka droo ya jikoni haifungi. Sa ngoja niseme ninavyoona mimi, mtu ninayepikia nyumba ya watu wengi na sokoni naenda mwenyewe, Mabibo kwa vitu vya jumla, supamaketi kwa vile vidogo vidogo, na Feri kwa samaki nikipata wa kunisindikiza asubuhi.

Rambo, ile mifuko myepesi ya plastiki, zilipigwa marufuku hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hilo halina mjadala. Ukikutwa umeibeba faini ni elfu 30 au kifungo kisichozidi siku 7, na kwa anayetengeneza au kuingiza ndo usiseme, huko wanaongelea mamilioni. Na kusema ukweli tulikuwa tumefika pabaya, kila mvua ikinyesha mitaro imeziba, ng'ombe wanazila, miti imejaa vitambaa vyeusi. Ila kilichokuja baada yake ndo kinanitatiza, ile mifuko mbadala ya rangi rangi tunayoiita ya kitambaa. Ndugu yangu, ile sio kitambaa. Ni plastiki. Inaitwa polipropilini, nyuzi za plastiki zimekandamizwa kwa moto mpaka zikashikana. Ukibisha pitisha pasi ya moto juu yake uone inavyojikunja na kunata, ila usitumie pasi ya mama mkwe. Au iache juani kwenye kamba ya nguo miezi kadhaa, siku ukiishika inakupukutikia mkononi unga unga wa rangi, na huo unga ndo plastiki yenyewe, imesambaa tu.

Kwa hiyo ukinunua mbadala kila ukienda dukani ukaitumia mara moja halafu ikageuka mfuko wa taka, hapo hujaacha plastiki, umehamia plastiki nzito zaidi na umelipia. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Uingereza lilitoa utafiti wa mifuko ya supamaketi, wakaangalia hewa chafu inayotoka tangu kutengeneza mpaka kutupa, wakakuta mfuko wa karatasi inabidi uutumie mara 3 ndo ulingane na rambo moja iliyotumika mara moja, huu wa polipropilini mara 11, na ule wa pamba ambao watu wanauona ndo mtakatifu kuliko yote, mara 131. Mia moja thelathini na moja! Sasa wale walikuwa wanapima hewa inayochafua hali ya hewa tu, rambo ikishaingia mto Msimbazi hiyo hesabu haipo humo, na ndo maana mi sisemi turudishe rambo, hapana. Nachosema ni kwamba mfuko unalipa deni lake kwa kutumika. Ukishaununua ubebe mpaka uchoke.

Ndo maana hata kama unanunua mbadala, chagua. Kiwango chake ni gramu 70 kwa mita moja ya mraba lakini ukizunguka madukani unakutana na vitu vyepesi kama tishu. Pale kaunta hutembei na mzani, fanya hivi: uinue kwenye taa uingize mkono ndani, ukiona vidole vyako vyote vizuri huo haufiki nyumbani. Halafu angalia mshikio. Kuna iliyobandikwa kwa moto tu, hiyo ukiweka mafuta ya lita 5 unabaki na mshikio mkononi chupa iko chini, na kuna iliyoshonwa kwa uzi, ule mshono wa kisanduku chenye msalaba katikati, huo ndo uchukue hata kama umezidi bei kidogo. Na angalia na kitako, kama hakina upana vitu vinalaliana, nyanya zako zinakuwa sosi kabla hujafika.

Kufua inafuliwa, tena kwa mkono, maji ya baridi na sabuni, anika kivulini. Watu wengi hawaifui kabisa, sijui kwa nini, wakati humo ndo imepita kuku juzi na leo unaweka mkate.

Tuje kwenye kaki, yaani mfuko wa karatasi. Kaki mi naipenda kwa vitu vikavu tu. Mkate, maandazi, sukari, majani ya chai, mayai kama yana trei, dawa za duka la dawa, hapo kaki inatosha kabisa na ukifika nyumbani bado ina kazi. Maparachichi mabichi yatie kwenye kaki ufunge mdomo, yanaiva haraka kuliko yakikaa wazi, kwa sababu tunda lenyewe linatoa hewa inayoiivisha na kaki inaizuia isipotee. Vitunguu pia vinakaa vizuri humo, giza halafu panapumua. Ikichakaa inawashia mkaa. Hiyo kaki imefanya kazi, sio ile unayopewa unakunja unatupa getini.

Sasa weka kuku wa kwenye friza kwenye kaki. Anaanza kutoka jasho kabla hujavuka barabara, kitako kinalowa, na usafiri wako ni bodaboda, na ni masika. Sitaki kuendelea. Keshia akikuwekea kitu cha baridi kwenye kaki mwambie kwa upole, "dada angu hiki nitakishika mkononi", nafuu ukishike.

Kwa nyama na samaki hamna mfuko mzuri hata mmoja, hilo ndo nimefikia mimi. Buchani beba kopo lenye mfuniko, ila mwambie apime nyama kwenye mzani kwanza ndo aimimine kwenye kopo, maana akipima na kopo lako utalipia plastiki kwa bei ya steki. Mwanzoni anakushangaa, baadae anakuzoea, wangu saa hizi akiniona kwa mbali anasema tu "leta kopo mama". Feri naenda na ndoo ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kula, ina mfuniko wake, natia na barafu wakiwa nayo, na kwenye daladala hamna anayekunja pua. Na kama umeamua lazima iwe mfuko, tenga mmoja uwe wa nyama na samaki peke yake, uufunge fundo la kamba nyekundu au chochote, nyumba nzima ijue huo haubebi matunda.

Halafu kuna vile vifungashio vyeupe vinavyoonesha ndani, ambavyo muuza nyanya anakutilia kabla hujafungua mdomo. Vile ni vya kufungia bidhaa kiwandani, havijaruhusiwa kuwa mfuko wa kubebea, na mwaka 2021 NEMC, baraza la mazingira la taifa, waliwatangazia wafanyabiashara waache kuvitumia hivyo, lakini ukipita sokoni unaviona vinaning'inia kwenye kila meza. Mi simlaumu yule mama, mteja akija mikono mitupu anataka ambebeeje? Ukitandaza kikapu chako mbele yake akamimina fungu moja kwa moja, hana sababu ya kutoa kifungashio, na mara nyingine anakuongezea nyanya mbili kwa sababu umemuokolea hela.

Na hapo ndo napofika kwenye mfuko ninaoupenda kuliko yote, wala hauuzwi kaunta. Kiroba cha mchele cha kilo 25 kikiisha usikitupe. Kifue, kigeuze, kipeleke kwa fundi cherehani wa mtaani, mwambie akate kifupi akutengenezee kitako cha mraba, na mkanda, hapa msisitize, mkanda upite ubavuni mpaka chini ya kitako utokee upande wa pili, usishonewe juu mdomoni tu. Ukishonewa juu, siku ya viazi unachanika. Ukizungushwa chini unabeba viazi, nazi, mkaa, kila kitu. Nao ni plastiki, sikatai, lakini hiyo tayari ipo nyumbani kwako na ilikuwa inaenda jalalani. Angalizo moja tu, usitumie salfeti iliyobebea mbolea au dawa za shamba, hata ukiifua, hiyo iache kwa kazi za nje.

Kikapu cha ukindu nacho kizuri sana kwa wanaotembea karibu, kinasimama chenyewe, mboga hazisongwi, na hela inaenda kwa mama aliyesuka. Tatizo lake hakikunjiki, kwa hiyo anayetoka ofisini moja kwa moja kwenda supamaketi atakiacha tu nyumbani. Na unyevu hakipendi, kikilowa kianike, la sivyo kinaota ukungu. Bibi zetu wa pwani walikuwa wanasuka pakacha kwa makuti, la safari moja, likiisha linaoza zake shambani hamna anayehangaika nalo, na likivuja wanacheka, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Sidhani kama nafuu hiyo inahusu na mchele wa elfu tatu na mia tano kilo.

Shida kubwa ya yote lakini sio aina ya mfuko. Ni kwamba umeuacha nyumbani. Mtu ana mifuko imejaa stoo, anafika kaunta anasema nipe mwingine. Mi nimetundika miwili kwenye msumari ule ule wa funguo, hutoki bila kuigusa. Mwingine mwembamba nimeukunja pembe tatu kama sambusa uko kwenye pochi daima. Baba watoto hataki kabisa kubeba mfuko mkononi, anasema anaonekana ametumwa (si ametumwa kweli?), basi wake uko chini ya siti ya pikipiki na maisha yanaenda.

Kuna na hili la walinzi. Kuna supamaketi moja siitaji, ukiingia na mfuko wako mlinzi anakudaka mlangoni, acha mzigo hapa, anaufungia kwenye kile kikabati cha nje. Unamaliza manunuzi, unafika kaunta, mfuko wako uko nje na keshia anakuuzia wa mia tano. Yaani wanatuambia tuje na mifuko halafu wanaipokonya getini! Dawa yake uwe umekunjwa ndani ya pochi, au umuoneshe mlinzi kwamba hauna kitu, wengi wanakuelewa. Na ukifika kaunta sema mapema, "nina mfuko wangu dada", kabla hajaanza kupitisha vitu kwenye mashine, kwa sababu wengine mfuko ndo wanauanza kuupiga risiti.

Umesahau kabisa? Omba boksi tupu. Supamaketi na maduka ya jumla yanayo mengi tu, ya tambi, ya sabuni, wanayatupa kila siku. Boksi la bure linabeba kuliko mfuko wa buku, na ukifika nalo nyumbani watoto wanaligombania.

Nimalizie na wanaosafiri au wanaopokea wageni, maana msimu wa harusi na Desemba unanikuta naeleza mmoja mmoja kwenye simu. Mgeni wenu akitoka Muscat au London mwambieni asije na mizigo kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, uwanja wa ndege anatakiwa aiache pale pale. Ukienda Unguja ni hivyo hivyo, wao walikataza tangu 2006, bara tulikuwa bado tunazifurahia. Kenya marufuku yao ilianza tarehe 28 Agosti 2017 na ni kali kuliko yetu, faini inaweza kufika milioni 4 za Kenya au jela mpaka miaka minne, kwa hiyo kwenye basi la Nairobi kagua begi kabla ya Namanga, na Rwanda nako tangu 2008 wanakupekua mpakani wanakunyang'anya. Zile ziploki ndogo za kutilia vipodozi kwenye ndege kwetu zinaruhusiwa, ila mwenyewe aondoke nazo.