Nilimlinganisha binti yangu na mdogo wake bila kujua

Dada wa Masasi, umesema binti yako wa miaka tisa anagoma kwenda shule kwa sababu wenzake wanamwita "mkaa", na wengi hapa wamekushauri umwambie kila siku kwamba ni mzuri. Mimi nilianza na hilo, halikusaidia.

Niko Mikindani, nina mabinti wawili. Mkubwa kachukua rangi ya baba yake, mweusi tii. Mdogo ni maji ya kunde. Msimu wa korosho tulikuwa tunakwenda Newala kwa mama kuokota, na kila siku nilimfokea mkubwa: "Kaa kivulini wewe, weusi ulionao hautoshi?" Mdogo sikumwambia neno. Wifi yangu naye akija, mdogo anapakatwa, anaitwa "mzungu wangu", mkubwa anatumwa maji. Jioni mimi mwenyewe nakaa na kioo, najipaka mkorogo wa kupimiwa sokoni, huku nalalamika uso umesawijika. Yote hayo mtoto anayaona.

Akiwa darasa la tano nilimkuta anatetemeka chooni, uso umewiva, unachubuka. Alikuwa amejipaka mkorogo wangu siku nne mfululizo. Akaniambia, "Nilitaka nifanane na mdogo wangu." Dada, sijawahi kulia vile.

Zahanati walinieleza kwamba mikorogo mingi ina zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua weusi. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa weusi wake inakosa kinga, jua linaiunguza zaidi. Vitu hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini ukipimiwa kwenye kikopo kisicho na jina utajuaje? Nilikimwaga siku hiyohiyo, naye akiangalia, nikamwomba msamaha.

Nilipoanza kumsifia alinijibu, "Unasema hivyo kwa sababu wewe ni mama yangu." Nikanyamaza. Kilichomfungua ni habari za bibi yangu mzaa mama. Alikuwa na chale uso mzima na tundu la ndonya, kile kipambo cha kuchomeka mdomoni, kwenye mdomo wa juu. Kwa Wamakonde wa enzi zake huo ndio ulikuwa urembo wa mwanamke. Nilipokuwa mdogo nilimwonea haya akija mjini, watoto walivyokuwa wakimkodolea macho. Nilimweleza binti yangu hata hiyo haya yangu, sikuficha. Akamuuliza mama yangu, "Bibi alilia walipomchanja?" Mama akamjibu kwamba alilia sana, halafu akaringa nazo mpaka anazikwa. Waliongea mpaka usiku, nikawaacha.

Kwa wifi nilikwenda mwenyewe: "Wifi, nakuomba, watoto tusiwalinganishe kwa rangi." Alinuna miezi miwili. Alivyorudi alikuwa ameacha, na mdogo naye nadhani alipumua, maana kuitwa mzungu kulikuwa kunamtenga na dada yake.

Kwa hiyo wako usimwambie "rangi si kitu". Ameshaona ni kitu kwa wanaomcheka. Muulize nani kasema, neno gani, yeye alijibu nini, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Mwalimu wake mwone bila mtoto kuwepo. Na jichunguze maneno yako mwenyewe mbele ya kioo, na ya shangazi zake.

Wangu sasa yuko kidato cha pili. Jua la shambani halimtishi tena. Kupigwa picha bado hapendi, simlazimishi.