Mbalamwezi ndiyo ilitaka kunirudisha

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Nimetoka kwa mume na watoto wawili na begi moja. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini usingizi haukuja. Begi hilo nalijua.

Mimi nilitoka Ujiji alfajiri, mwanangu mgongoni, na shilingi 14,000 nilizokuwa nimezifukia kwenye debe la unga. Nikafikia kwa shangazi, Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Baraza la usuluhishi, mzee mmoja akaniuliza, "Ulimkosea nini?" Jino langu bado lilikuwa linacheza. Swali lile liliniuma kuliko ngumi. Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake! Ningejua, ningemjibu.

Nikaanza kuchukua dagaa mwaloni Kibirizi kwa mali kauli. Niliazima kichanja, sikuanika mchangani, maana wanunuzi wa Tabora hutafuna mmoja kwanza ndipo wataje bei.

Sasa sikilizeni. Kutoka si kazi. Kazi ni mbalamwezi. Wavuvi wetu huvua kwa taa; mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa na mitumbwi inalala. Siku hizo unga uliisha, na yule mume wangu akaleta mchele na mafuta, na maneno matamu juu yake. Nilishafunga mzigo. Shangazi hakunizuia, alisema tu, "Nenda, ila jino liache hapa."

Nikafungua mzigo.

Kwa hiyo dada zangu, wekeni ya mbalamwezi! Kila ndoo ukiuza, 1,000 iende kikoba, hata kama mtoto analilia andazi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, majeraha hayajapona. Talaka isikutishe: tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Na uache kumwonea huruma anayekupiga, tumezidi huruma sisi wanawake.

Leo nina vichanja 6 vyangu mwenyewe. Yule mzee wa baraza hununua kwangu. Simpunguzii.

Dada wa begi moja, jana nimeutazama mwezi, umeshaanza kujaa. Una shilingi ngapi hapo?