Maswali yenu: Faili linakokota miguu hosteli

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nasomea uhandisi, mwaka wa pili, na nakaa hosteli ya chuo hapa Nairobi. Tangu juzi napakua Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa BitTorrent, faili la GB 6 hivi. Kasi haivuki KB 40 kwa sekunde, na wenzangu chumbani wanalalamika kwamba hata WhatsApp imeganda. Nilipopima waifai nilipata megabiti 6 za kupakua na 2 za kupakia. Kuna wanaonishauri nifungue poti, yaani mlango wa kompyuta za nje kuifikia laptopu yangu. Nifanyeje?
Msomaji, Ngara

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kwa kasi hiyo utahitaji karibu saa 42, na wenzako watateseka muda wote huo.

Tazama kwanza upande wa kupakia. BitTorrent hukusanya vipande vya faili kutoka kompyuta za wengine, na wakati huo huo huwapakia wao vipande ulivyo navyo wewe. Kila vipande vya faili vinapokufikia, laptopu yako hurudisha ujumbe mfupi wa kusema imepokea. Huo ni kama risiti. Programu ikiachwa ipakie bila kikomo hujaza njia yote ya kutokea, na risiti zinakwama nyuma ya mzigo. Anayekutumia asipoziona, hupunguza mwendo. WhatsApp ya mwenzako nayo imesimama kwenye foleni hiyo hiyo.

Hili nililishuhudia nikisimamia maabara ya kompyuta katikati ya jiji, kabla kebo za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, hazijafika Mombasa mwaka 2009. Tulikuwa tukitegemea setilaiti. Alasiri moja barua pepe za chumba kizima ziligoma. Nikapita kompyuta moja baada ya nyingine hadi nikaikuta iliyokuwa ikipakia kwa nguvu zote. Nilipoiwekea kikomo barua zikatoka, na faili la yule mwanafunzi nalo likaenda kasi kuliko awali.

Sasa hesabu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 2 ni KB 250 kwa sekunde. Weka kikomo cha kupakia KB 150, au hata 100, kwa kuwa njia si yako peke yako. Usikibane kikaribie sifuri: tangu Bram Cohen abuni BitTorrent mwaka 2001, anayetoa ndiye anayepewa. Punguza pia miunganisho, yaani idadi ya kompyuta unazowasiliana nazo kwa mara moja. qBittorrent, mojawapo ya programu za BitTorrent, huja na kikomo cha 500. Mimi ningeweka 80, maana ruta ya hosteli hulazimika kukumbuka kila muunganisho wa kila mwanafunzi.

Hata ukipata megabiti zote 6, hizo ni KB 750 kwa sekunde, yaani zaidi ya saa mbili. Pakua saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala.

Habari ya poti iache. Inafunguliwa kwenye vifaa vya chuo, na hata bila hiyo laptopu yako inaweza kuwafikia wengine yenyewe. Huenda chuo kinabana BitTorrent makusudi. Nenda ofisi ya teknolojia uwaeleze unachopakua. Wakikataa, heshimu kanuni yao, upakue moja kwa moja kutoka tovuti ya Ubuntu.

Ukilipata, uliza darasani nani analihitaji, mnakiliane kwa flashi. Ubuntu inaruhusiwa kugawanwa. Nimeona darasa zima likipakua faili lile lile usiku mmoja, kila mtu kivyake, na hilo huniuma sana.