Maswali na Majibu: Umepata Kiasi Gani Hasa?

Nilinunua hisa kwa 800,000. Sasa zina thamani ya 860,000, na nimeshapokea gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, la 40,000. Faida yangu ni 60,000?

Ni 100,000. Gawio nalo ni faida, hata kama ulishalitumia. Gawa kwa mtaji ulioweka: asilimia 12.5. Kama ulimlipa dalali, ada yake ihesabu kwenye mtaji.

Mfuko wangu wa uwekezaji ulipanda asilimia 50, mwaka uliofuata ukashuka asilimia 50. Wastani ni sifuri, mbona fedha zimepungua?

Kwa sababu 50 ya pili ilikatwa kwenye fungu lililokwisha kunenepa. Laki moja ikawa 150,000, kisha 75,000. Asilimia hazijumlishwi, huzidishwa: 1.5 mara 0.5 ni 0.75, na kwa kuwa miaka ni miwili, chukua kipeuo chake cha pili: 0.866. Umepoteza kama asilimia 13.4 kila mwaka. Ukiona tangazo limeandika "wastani wa faida", uliza ni wastani upi. Mimi huuliza kila mara, na sipendwi kwa hilo.

Fedha zangu zimekuwa maradufu kwa miaka 6. Ni asilimia 16.7 kwa mwaka?

Hapana, ni 12.2 hivi, kwa kuwa faida nayo huzaa faida. Njia ya mkato ni kugawa 72 kwa idadi ya miaka. Hapa unapata 12. Hesabu hiyo ni kongwe: Luca Pacioli aliiweka kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494.

Nilianza mwaka na milioni 1, katikati ya mwaka nikaongeza milioni 1. Mwisho nina 2,100,000. Meneja wa mfuko anasema faida ni asilimia 10, mimi naona 5. Nani mwongo?

Meneja huenda hasemi uongo, ila 5 yako haiko sawa. Milioni ya pili ilifanya kazi nusu mwaka tu, kwa hiyo ihesabu nusu. Mtaji wako wa wastani ni 1,500,000, na laki moja juu yake ni asilimia 6.7.

Sasa tuseme siku ulipoongeza, milioni ya kwanza ilikuwa imefika 1,100,000. Mfuko ulipanda asilimia 10, kisha ukasimama palepale hadi Desemba. Meneja anapima mfuko bila kujali fedha zako ziliingia lini, jambo la haki kwake, maana siku ya kuweka uliichagua wewe. Ukitaka kumlinganisha na mameneja wengine, tumia 10. Ukitaka kujua mfuko wako wa suruali, tumia 6.7.

Nimepata asilimia 12, bei za vitu zimepanda 7. Nimebaki na 5?

Pungufu kidogo. Gawa 1.12 kwa 1.07: asilimia 4.7.

Mwezi huu nimepata asilimia 3. Kwa mwaka ni 36, sivyo?

Bado miezi 11.