Sisi wa basi tumelipa siku zote

Mmeuliza wiki hii: "Je, ni haki jiji kulipisha maegesho ya magari kwenye bustani ya umma?"

Naishi San Diego, California, mtaa wa City Heights, ambako ukisimama kituo cha basi cha University Avenue unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mombasa kabla basi halijafika. Swali lenu hapa kwetu limezua maneno tangu tarehe 5 Januari 2026, siku Balboa Park ilipoanza kulipisha maegesho. Jibu langu ni kwamba kulipisha ni haki. Kilichonikera ni namna walivyofanya, na zaidi namna walivyojisahihisha.

Kwa asiyeijua, Balboa Park ni ekari 1,200 hivi, pua na mdomo na katikati ya jiji, ardhi iliyotengwa mwaka 1868 wakati San Diego yenyewe ilikuwa kamji tu. Ndani yake kuna bustani ya wanyama maarufu, makumbusho chungu nzima, nyasi za kutandika mkeka, na kinanda kikubwa cha Spreckels ambacho kila Jumapili saa 8 mchana hupigwa na watu wakasikiliza bila kiingilio. Wenye magari nao walizoea kupaki bila kutoa hata senti. Ada ilipotangazwa wakalia kwamba bustani yao imeuzwa.

Kilio hicho mimi hakinigusi sana. Mwenye gari alikuwa anaingia bure. Sisi wa basi bure hiyo hatujawahi kuionja. Basi namba 7 linatoka kwetu, linapita North Park, linakata kushuka Park Boulevard na kukuacha mlangoni kabisa. Nauli wakati ada hiyo inaanza ilikuwa dola 2.50, na ukikaa bustanini zaidi ya saa mbili, kama kila mtu anavyokaa, kurudi unalipa tena. Mume na mke, dola 10. Ada ya mwanzo kwa mkazi wa jiji kwenye viwanja vya maegesho vya katikati ya bustani ilikuwa dola 8 kwa siku nzima, kwa gari zima, hata mkibanana humo watu saba. Nani basi alikuwa anabebwa miaka yote hii?

Tena maegesho yanakula ardhi. Uwanja wa Plaza de Panama, moyo wa bustani, ulikuwa maegesho mpaka mwaka 2013, magari yakaondolewa. Nendeni leo muone. Kuna viti na meza, watoto wanakimbizana kuzunguka chemchemi, wazee wanaota jua. Pale pale palipokuwa na mabati yaliyolala siku nzima yakimsubiri mwenyewe. Sijasikia mtu anayelilia magari yarudi.

Ila siwatetei wakubwa wa jiji. Ada hii haikuzaliwa na mapenzi ya miti. Novemba 2024 wapiga kura walikataa kuongeza kodi ya mauzo, bajeti ikabaki na pengo la mamia ya mamilioni ya dola, jiji likaanza kupapasa kila mfuko. Mita za barabarani zilipandishwa maradufu, kutoka dola 1.25 kwa saa hadi 2.50. Uzoaji taka, ambao wenye nyumba wengi hawakuwahi kuulipia, ukawekewa ada. Kisha ikaja zamu ya bustani. Mtu aliyekwisha kamuliwa mara mbili, ya tatu lazima apige kelele.

Na utaratibu wenyewe! Mkazi apate nusu bei, lakini kwanza ajiandikishe mtandaoni, alipe dola 5 za kuhakikiwa, kisha asubiri. Mama zetu wengi hawana barua pepe, wanaye mjukuu mwenye barua pepe, naye yuko shuleni. Gari limeandikwa jina la shemeji. Simu ni ya mtoto. Ada zikaanza saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwa hiyo hata aliyetoka kazini jioni akanyooshe miguu kidogo alikutwa na mita. Najua pia kwamba si kila mzigo ni wa kupanda nao basi. Anayepeleka sherehe ya mtoto pale Pepper Grove na sufuria ya pilau, jagi la juisi na viti vya kukunja, huyo nisimwambie habari za namba 7. Nimeshawahi kuona sufuria ikipanda basi hilo, imefungwa khanga, abiria wote shingo upande kwa harufu. Dereva akifunga breki ghafla ni msiba.

Kelele zilisikika. Kabla ya Machi kwisha, mkazi aliyehakikiwa aliruhusiwa kupaki bure kwenye viwanja kadhaa, na muda wa kulipisha ukapunguzwa jioni. Anayetoka nje ya jiji akabaki na ada yake, dola 16 kwa siku kwa viwanja vya katikati kwa bei ya mwanzo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Meya Todd Gloria huenda hajui methali hiyo lakini ameitekeleza neno kwa neno. Mimi sina ugomvi nayo. Mtalii aliyelipia hoteli hatakosa cha kulipia maegesho, ingawa wenye makumbusho wanaogopa wageni watapungua, na hofu yao si ya kupuuzwa.

Ninachouliza ni huyo mwenyeji aliyepona ni yupi. Ni mwenye gari, kwa mara nyingine. Aliyepiga kelele karudishiwa bure yake, na sisi tusio na gari, ambao hatukulalamika kwa sababu hatukuguswa, tumeachwa na zile zile dola 2.50 kwenda na dola 2.50 kurudi. Mwaka 1892 mkulima wa miche Kate Sessions alipewa ekari 30 hivi za bustani hiyo hiyo awe na kitalu chake, na kodi aliyotakiwa kulipa ilikuwa miti: 100 kila mwaka apande humo humo, na 300 zaidi kwa ajili ya jiji. Aliyetumia ardhi ya umma aliilipa kwa kitu ambacho kila mpita njia, hata wa miguu, alikaa kivulini mwake.

Basi nami naomba kwa mtindo huo. Jumanne baadhi ya makumbusho ya Balboa Park huwa bure kwa wakazi, kwa zamu. Jumanne hiyo hiyo basi namba 7 nalo liwe bure, kwenda na kurudi, na gharama yake itoke kwenye dola za maegesho. Wakianza hapo, mwaka ujao wakitaka kupandisha ada ya magari mtanikuta kwenye kikao cha baraza nikiwaunga mkono.

Msomaji, City Heights, San Diego